Sahihi ya Baba Mdogo

Nyumbani kwa Mzee Salim Abdulrahim,
Kyela
3 Februari 1992

Kwa Baba Mdogo Nsajigwa,

Ugonile, Baba Mdogo. Ninaomba barua hii ikukute mzima na mwenye nafasi ya kuisoma mpaka mwisho, kwa sababu ni ndefu. Sisi huku tunaendelea. Bibi anakohoa asubuhi tu, jua likipanda anashika jembe na anatukemea sote. Mama alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa kumi na moja, anaitwa Ezra, na sauti yake ni kubwa kuliko nyumba. Mpunga wa bonde la chini umeshika vizuri. Baba hajambo.

Mimi ni Tusekile, binti wa kwanza wa kaka yako Angetile. Uliponiona mara ya mwisho nilikuwa darasa la tano, ukanifundisha kukunja karatasi ikaruka. Sasa niko kidato cha tatu. Siku za shule ninakaa hapa mjini kwa Mzee Salim, yule mwenye duka, rafiki wa marehemu Babu. Mkewe, Bi Raudha, ananitunza kama mwanawe. Duka lao limejaa sabuni za kila rangi na mitumba mpaka mlangoni. Bi Raudha anasema zamani watu walipanga foleni bila kujua kinachouzwa, siku hizi vitu ndivyo vimepanga foleni vinasubiri watu.

Baba Mdogo, nina mambo mawili.

La kwanza ni la shule. Mwalimu Yohana wa historia ametupa kazi. Kila mwanafunzi aandike historia na mpangilio wa chombo kimoja cha umma, asinakili kitabuni, bali aulize mtu anayefanya kazi humo. Wengi wamechagua bandari ya Itungi au chama cha ushirika. Mimi nimechagua kamandi ya jeshi la anga, kwa sababu darasa zima hakuna mwingine mwenye baba mdogo fundi wa ndege. Tafadhali nijibu maswali haya. Kamandi ilianza lini na kwa nini? Imegawanyika sehemu ngapi? Ina ndege ngapi? Zinakaa wapi? Nani anamwamuru nani? Ndege ikiharibika nani anaamua kwamba imepona?

La pili ni zito kuliko la shule. Mwezi wa nane, baada ya mavuno, wazee wa ukoo watakaa kugawa mashamba ya Babu. Baba amesema jina lako lisitajwe kwenye kikao hicho. Alisema hivi mbele ya Bibi: "Aliyeshindwa kumtupia baba yake konzi ya udongo, udongo wa baba yake anautaka wa nini?" Bibi alilia bila kujificha. Baba anaitunza ndani ya Biblia telegramu uliyotuma Babu alipofariki. Wanasema ina neno moja tu, ZIKENI. Mimi sijaiona. Je, Baba Mdogo, ni kweli uliandika hivyo?

Ukijibu, tumia sanduku la posta la Mzee Salim. Baba hajui kwamba nimeandika. Sikumdanganya, hajaniuliza.

Mwanao akupendaye,
Tusekile


Kambini
17 Machi 1992

Mwanangu Tusekile,

Ndaga fijo, asante sana kwa barua. Nimesikia habari za mama yangu, koo lake, na jembe lake. Mwambie anywe maji ya tangawizi. Huyo Ezra mwenye sauti kubwa kuliko nyumba nimempenda kabla sijamwona. Mimi ni mzima. Goti moja linanisumbua wakati wa baridi.

Utashangaa kwa nini nimechelewa. Barua yako ilinifikia imeshafunguliwa, na kabla sijapewa niliitwa ofisini. Meja alikuwa ameiweka mezani, mbele yake miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kunitazamia.

"Huyu Tusekile ni nani?"

"Binti wa kaka yangu, afande."

"Anafanya kazi taasisi gani?"

"Kidato cha tatu, afande."

"Anauliza tuna ndege ngapi na zinakaa wapi. Kwa mwandiko mzuri kabisa."

"Wamefundishwa vizuri, afande."

Akasema mwalimu wako ana bahati kwamba hayuko jeshini, na wewe una bahati zaidi. Niliandika maelezo kurasa mbili kueleza kwamba wewe si jasusi. Yamekwisha, usiogope. Ila swali la ndege ngapi na swali la zinakaa wapi yafute, hata kwenye daftari lako. Na kwenye bahasha andika jina langu tu. Cheo acha.

Sasa nikujibu ninachoruhusiwa.

Walionitangulia husema mwanzo hapakuwa na kamandi. Palikuwa na kikundi cha watu wachache na ndege ndogo za kubeba mizigo, wakiwa chini ya jeshi la nchi kavu. Walimu walikuwa wageni, na kila taifa lilikuja na lugha yake. Mimi nilipoingia mwaka 1971 nilijifunza jina la spana kwa lugha tatu, na spana yenyewe ilikuwa moja. Baadaye zikaja ndege za aina nyingine na kazi ikagawanyika. Wako wanaorusha, wako wanaotengeneza, wako wanaolinda anga wakiwa chini, wako wanaofundisha, wako wanaotunza stoo. Kila kundi likaanza kuona kwamba jeshi ni lenyewe. Ndipo akahitajika mkuu mmoja juu ya wote, asiyekuwa wa marubani wala wa mafundi. Hiyo ndiyo maana ya kamandi. Chini yake kuna vikosi, chini ya vikosi kuna vikundi, na chini kabisa kuna mtu mwenye spana.

Swali lako la mwisho ndilo zuri. Ndege ikiharibika, nani anaamua kwamba imepona? Watu wa nje hudhani ni mkubwa. Sivyo. Fundi aliyeshika kazi huandika kwenye daftari la ndege alichofanya, kisha anatia sahihi. Mkaguzi anaangalia kwa macho yake, naye anatia sahihi. Rubani anasoma sahihi zote mbili ndipo anapanda. Hata mkuu wa kamandi mwenyewe akija na nyota zake zote, bila sahihi ya fundi hapandi. Kamandi yote, mwanangu, imekaa juu ya sahihi ya mtu mwenye mikono michafu.

Nadhani hayo yanatosha kwa insha. Wasalimie wote.

Ni mimi,
Nsajigwa


Kyela
2 Aprili 1992

Baba Mdogo mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye mvua. Mto Songwe umejaa, na wale wa kijijini kwetu Njisi walio karibu na kingo wamehamishia mbuzi darini. Nyumba yetu iko juu kidogo, haina neno. Bibi anakunywa tangawizi na anasema inamwasha, lakini anakunywa kwa sababu nimemwambia imetoka kwako. Bibi anajua kwamba tunaandikiana. Hajasema kitu, ila kila nikienda ananiuliza, "Posta wazima?"

Naomba radhi kwa yale maswali mawili. Nimeyafuta kwa wino mpaka karatasi ikatoboka. Bi Raudha alipoisikia habari ya Meja alicheka akaketi juu ya marobota ya mitumba. Sasa nikichelewa kurudi kutoka shule ananiambia, "Karibu, jasusi, chakula kipo jikoni."

Nimempelekea Mwalimu Yohana sehemu ya kwanza. Amesifu maneno ya sahihi. Ila ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Huu ni mpangilio. Historia iko wapi? Mpangilio wowote ni mzuri kwenye karatasi. Niambie siku ambayo ulijaribiwa." Kwa hiyo naomba unisimulie siku moja tu ambayo mpangilio wa kamandi ulijaribiwa.

Baba Mdogo, kulikuwa na mambo mawili katika barua yangu. Umenijibu moja. Nimesoma barua yako mara nne nikidhani nimeruka ukurasa.

Mwanao,
Tusekile


Kambini
16 Aprili 1992

Mwanangu,

Barua yako imefika, safari hii haikufunguliwa. Nadhani Meja amekuzoea. Mimi ni mzima, goti ni lile lile. Pasaka inakuja, nawatakia heri.

Hukuruka ukurasa. Angetile ni kaka yangu mkubwa. Akisema jina langu lisitajwe, lisitajwe. Alikuwepo siku ile, mimi sikuwepo. Swali lile usiniulize tena, nakuomba kama ninavyomwomba mkubwa mwenzangu.

Mwambie mwalimu wako kwamba siku za majaribu ni nyingi na zinafanana. Badala yake nitakueleza kanuni moja, huenda ikamtosha.

Katika karakana yetu kila fundi ana ubao wa vifaa ukutani. Kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, spana umbo la spana, bisibisi umbo la bisibisi. Asubuhi unachukua, jioni unarudisha, na fundi mkuu wa zamu anahesabu na kutia sahihi kwamba vyote vimerudi. Ukiona umbo jeupe halina kifaa juu yake, basi kifaa kiko mahali, na mahali pabaya kuliko pote ni ndani ya ndege. Bisibisi ya urefu wa kidole ikiteleza chini ya sakafu inaweza kuzuia usukani usigeuke angani. Kwa hiyo kanuni ni kwamba umbo likiwa wazi ndege hairuki, na waliofanya kazi kwenye ndege ile hawatoki mpaka kionekane. Hakuna cheo kinachovunja kanuni hiyo.

Soma kwa bidii. Ukimaliza kidato cha nne, kama bado una moyo wa ndege, niambie. Siku hizi hata wasichana wanashika spana, na wanahesabu vizuri kuliko sisi.

Nsajigwa


Kyela
3 Mei 1992

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sote tu wazima, na Ezra ameota jino. Pasaka nilikwenda nyumbani Njisi kwa miguu, kwa sababu magari yalikwama. Tulikula dagaa wa usipa na ndizi. Bibi aliimba kanisani akamshinda mwongoza kwaya.

Umeniomba nisiulize, na siulizi. Ninakueleza tu nilichokiona.

Jumatatu ya Pasaka Baba alinituma nichukue Biblia nimsomee Mama. Telegramu ilidondoka. Ni kweli ina neno moja. Nilipoinua macho Baba alikuwa ananitazama. Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Isome vizuri, wewe unayesoma sana." Kisha akasema mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba Babu alifariki Jumapili. Kwamba wazee walitaka kuzika Jumatatu ile ile kwa sababu ya joto, na yeye akasimama mbele yao akasema, "Nsajigwa yuko njiani, tumngojee mpaka Jumatano, mimi namjua." Alikwenda kuchuma majani ya migomba kwa mikono yake ili kumpoza Babu. Jumanne adhuhuri ikaletwa telegramu, ikasomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Baba alisema, "Sikukasirika kwa kutokuja. Watu hukosa gari. Nilikasirika kwa sababu niliwaambia watu kwamba ninakujua."

Nimenakili tarehe iliyogongwa na posta. Imetoka huko tarehe 14 Agosti 1989, Jumatatu, saa kumi na moja jioni.

Jioni, Baba Mdogo. Katika barua yako jioni ndio wakati wa kuhesabu vifaa.

Insha inatakiwa tarehe moja ya mwezi wa sita. Nikikosa siku ya majaribu nitaandika kanuni ya ubao peke yake, nayo ni nzuri. Sitakusumbua tena kuhusu hilo.

Mwanao asiyeuliza,
Tusekile


Kambini
17 Mei 1992

Mwanangu Tusekile,

Nimepata barua yako siku ya Jumatano. Nimekaa nayo siku nne. Salamu zote nimezipokea, na jino la Ezra nimeliona kwa mawazo. Sikujua kwamba kaka alichuma majani ya migomba. Sikujua kwamba aliwaambia watu wasubiri.

Nitakueleza mara moja tu.

Jumatatu ile nilikuwa fundi mkuu wa zamu. Tulikuwa tumefungua sakafu ya ndege ya mizigo, na alfajiri ya kesho yake ilikuwa ipakie watu ishirini na watatu, wagonjwa na wake wa askari wenye watoto mgongoni. Saa kumi jioni karani alinijia na telegramu ya kifo. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao wa vifaa nikihesabu. Nikaisoma, nikaikunja, nikaendelea kuhesabu, nikatia sahihi kwamba vyote vipo. Sikumbuki nilichohesabu, mwanangu. Nadhani nilikuwa nahesabu siku za safari.

Nilikwenda kuomba ruhusa. Kapteni alinipa pale pale, akanipa na gari la kunifikisha stesheni. Nikarudi karakanani kuchukua koti, nikatazama ubao. Umbo la bisibisi fupi lilikuwa jeupe, na chini yake ilikuwa sahihi yangu kwamba haikosekani.

Kapteni alisema, "Nenda ukazike, Sajini. Tutaitafuta sisi." Alisema kwa huruma ya kweli. Na mimi ningeweza kwenda. Hili ndilo sikutaka mtu alijue. Sikuzuiliwa. Nilipewa ruhusa, nikabaki. Vijana niliokuwa nao hawakujua ni mbao zipi za sakafu nilizifunga mwenyewe. Na kama wangechoka wakasema basi, ndege ingeondoka kwa sahihi yangu mimi, huku mimi nikiwa ndani ya garimoshi.

Niliomba karatasi ya telegramu. Sababu sikuruhusiwa kuiandika, mambo ya ndege hayaandikwi. Kuandika kwamba ninaumwa, huo ungekuwa uongo, na siku ile nilikuwa nimekwisha kusema uongo mmoja kwa sahihi. Kuandika kwamba ninakuja, nao ungekuwa uongo. Nilikuwa na karatasi nzima na sikuona cha kuweka. Nikawaza baba yangu amelala katika joto la Kyela watu wakimngoja mtu ambaye hatafika. Nikaandika neno moja. Kwangu lilikuwa neno la huruma. Sikufikiri namna litakavyosikika likisomwa kwa sauti.

Bisibisi tuliipata Jumatano saa nne asubuhi, imelala kando ya nyaya zinazovuta mkia. Abiria walisafiri mchana ule, wakanipungia mkono bila kujua wananipungia kwa nini. Kisha nikaenda kwa Kapteni nikajiripoti kwa kusaini bila kuhesabu. Adhabu ilikuwa ya haki. Nilishushwa cheo. Mimi ni Koplo, mwanangu, tangu mwaka huo. Bibi yako bado anajivunia Sajini. Ningekujaje nyumbani, nimekosa maziko, na begani mstari umepungua?

Hii ndiyo siku ya majaribu ya mwalimu wako. Itumie katika insha kama unataka, bila jina langu wala aina ya ndege. Lakini usimpelekee baba yako barua hii. Akinisamehe kwa sababu ya barua, nitakuwa nimeomba udhuru kwa mgongo wa mtoto.

Baba yako mdogo,
Nsajigwa


Kyela
22 Juni 1992

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mvua zimekwisha, bonde lote limekuwa la njano, na ndege wa mpunga wanatushinda. Bibi anawarushia matope na kuwaita kwa majina ya watu asiowapenda. Ezra anatambaa.

Barua yako sikumwonyesha mtu. Iko ndani ya daftari langu la jiometri, ambalo hakuna anayetaka kulifungua. Nimelia, lakini kidogo, kisha nikaandika insha. Niliandika "fundi mmoja". Sikuandika hata mkoa.

Sasa nikuambie kilichotokea, uniamulie kama nimevunja ahadi. Mwalimu Yohana alisema insha yangu itasomwa siku ya wazazi, tarehe kumi na tatu. Nilijua Baba atakuja. Ningeweza kumwambia mwalimu asiisome. Nilifika mpaka mlango wa ofisi yake, nikasimama, nikarudi. Sikumpa Baba barua. Lakini sikumzibia masikio.

Nilisoma mwenyewe, mbele ya wazazi wote. Mwanzoni watu walikuwa wananong'ona. Nilipofika kwenye umbo jeupe ubaoni wakanyamaza. Nilipotaja telegramu ya kifo cha baba wa fundi, nilimtazama Baba mara moja, kwa bahati mbaya. Alikuwa amevua kofia. Mzee mmoja nyuma akasema, "Huyo fundi alikosea, baba ni mmoja." Na Mzee Salim, ambaye alikuja kama mlezi wangu, akamjibu bila kugeuka, "Na wale ishirini na watatu, kila mmoja alikuwa na wake."

Tulitembea na Baba kuelekea Njisi. Tukapita mashamba ya kakao. Ndipo akauliza, "Yule fundi wa insha yako, nani alimwambia afiche?"

"Hakuficha, Baba. Alikatazwa kuandika."

"Barua za siku zote hizi? Miaka mitatu? Nazo alikatazwa?"

"Aliona haya, Baba. Walimshusha cheo kwa sababu alijiripoti mwenyewe."

Akatembea tena. Kisha akasema, kama mtu anayeongea na barabara, "Alikuwa hivyo hivyo tangu mdogo. Akivunja chungu, analala njaa kabla hajaulizwa." Hakuniuliza jina la fundi. Nami sikulitaja.

Wiki nzima alikuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa kuku. Jana, Jumapili, baada ya ibada, alinikuta napiga pasi sare. Akasimama mlangoni akasema, "Wewe mwandishi. Andika."

Nikamuuliza niandike nini, na kwa nani.

"Unajua kwa nani. Andika kwamba mpunga wa bonde la chini umeiva na mikono haitoshi."

"Niongeze salamu, Baba?"

"Mikono haitoshi. Hizo ndizo salamu."

Bibi alikuwa nyuma yake anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta, lakini ungo ulikuwa mtupu, mchele wote ulishamwagika chini.

Mwanao,
Tusekile


Kambini
4 Julai 1992

Mwanangu Tusekile,

Ugonile, mama. Ni mzima, na leo goti limenyamaza lenyewe.

Umeniuliza kama umevunja ahadi. Nimepima. Mimi nilikukataza kupeleka barua, sikukukataza kusoma insha. Kanuni iliandikwa vibaya, na aliyeiandika ni mimi. Hapo hakuna kosa lako.

Siku ile ile niliyopata barua nilijaza fomu ya likizo. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikisema likizo yangu wapewe wenye watoto. Kwenye fomu kuna nafasi ya sababu. Nilikaa na kalamu muda mrefu, kisha nikaandika: kuvuna mpunga. Fomu inapita kwa watu wanne, na wanne wote walinitazama.

Meja akavaa miwani ya kusomea, akaivua, akavaa ile nyingine.

"Koplo, kwenu hakuna watu wa kuvuna?"

"Wapo, afande. Kaka amesema hawatoshi."

"Na huyu kaka ndiye baba wa yule jasusi?"

"Ndiye, afande."

Akatia sahihi. Akaongeza siku tano ambazo sikuziomba, akasema nimpelekee mwandishi salamu, na akija kuuliza tena idadi ya ndege, amjie yeye mwenyewe.

Naondoka Ijumaa, tarehe kumi, kwa treni ya TAZARA. Nikishuka Mbeya nitapata basi la Kyela, na kwa Mzee Salim nitapita kunywa maji na kumshukuru kwa lile neno alilosema bila kugeuka. Mwambie mama yangu kwamba atakayefika ni Koplo. Mwambie wewe, taratibu, kabla sijafika, ili asitafute mstari wa tatu begani mwangu mbele za watu.

Kuna jambo moja bado silijui, na sitaki kulikosea. Kama barua hii itanitangulia, muulize kaka kwa niaba yangu, nikifika nianzie kaburini au nianzie shambani. Atakavyosema ndivyo nitakavyofanya. Na kama haitanitangulia, nitasimama pale njia zinapogawanyika, na mzigo wangu mkononi, mpaka atakapokuja kunionyesha.

Baba yako mdogo,
Nsajigwa